Muhuri Umekwisha na Familia Iko Ndani: Tulivyorudi Kwenye Mstari Hapa Mwanza

Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2024, tumetoka kanisani, nilikaa mezani nyumbani Kirumba nikijaza fomu ya shule ya kijana wetu mkubwa. Fomu ilitaka namba ya pasipoti ya mama. Nikaifungua pasipoti ya mke wangu, nikakutana na ukurasa wa mihuri kwanza. Muhuri wa Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, ulikuwa wa tarehe 4 Februari, wino umefifia upande mmoja, na pembeni yake afisa alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: miezi mitatu.

Miezi mitatu! Siku zote hizo mimi na Mama Neema tulikuwa tunaishi tukijua ana sita, na hata hiyo sita hatukuwa tumeikumbuka ilipofika. Nikatoa kalenda ukutani, nikahesabu kwa kidole kuanzia tarehe 3 Mei. Nikarudia. Siku 205 juu ya muda.

Nauza nyavu, kamba na maboya karibu na soko la samaki la Mwaloni. Mke wangu ni Mganda wa Masaka. Tulifahamiana hapo hapo Mwaloni alipokuwa akija kununua dagaa, kama wanavyokuja Waganda, Wanyarwanda na Wakongo wengi. Katika mji wa namna hii ndoa za kuvuka mpaka ni jambo la kila siku, na ndiyo maana nayaandika haya. Nazijua nyumba, Kirumba, Igoma mpaka Nyakato, ambamo mama au baba anaishi na muhuri uliokufa, watoto wanasoma, biashara inaendelea, na kila mtu amenyamaza. Nataka nyumba hizo zijue kwamba hili jambo lina njia ya kulimaliza, na njia yenyewe inapitika.

Anza na muhuri wenyewe

Usiulize mtu, usikisie. Fungua pasipoti, soma tarehe ya kuingia na muda ulioandikwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama pasi ya kukaa hadi miezi sita bila viza. Sisi tulilishika neno "sita" tukalisahau neno "hadi". Pale mpakani unaulizwa unakwenda kukaa muda gani. Mama Neema alikuwa amesafiri na mtoto, amechoka, akajibu miezi mitatu. Afisa akaandika alichoambiwa.

Walio na viza nao wana mtego wao. Viza ya kawaida ya Tanzania ni ya siku 90. Raia wa Marekani hupewa viza ya mwaka mzima kwa dola 100, ya kuingia mara nyingi, na wengi huamini wanaweza kukaa mwaka mzima bila kutoka. Hapana, kila wanapoingia mwisho wao ni siku 90. Viza inakufikisha mlangoni, na siku za kukaa ndani zinahesabiwa na muhuri.

Halafu hesabu vichwa. Hili nililikosea kwa siku mbili nzima, kwa sababu hofu yote niliielekeza kwa mke wangu. Kijana wetu mkubwa, mwenye miaka tisa, ni mtoto aliyekuja naye kutoka Uganda. Ana pasipoti yake na muhuri wake, wa siku ile ile, na siku zake zilizozidi ni zile zile 205. Muhuri wa mama haumfuniki mtoto. Neema, aliyezaliwa hapa Mwanza mwezi wa saba, ni Mtanzania kwa kuzaliwa kwa sababu baba yake ni Mtanzania, kwa hiyo yeye hahitaji muhuri wa mtu. Anachohitaji ni cheti cha kuzaliwa, na kama hujakichukua, kichukue kabla ya kufanya lolote jingine. Watoto wa chini ya miaka mitano wanasajiliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, usiende mbali.

Ushauri utakaoletewa usiku ule

Habari zikitoka nje ya nyumba, washauri hawakosi. Mimi nililetewa ushauri wa namna tatu, na mmoja ulinigharimu.

Wa kwanza ulitoka kwa watu wa maji: mama apande boti, apitie visiwani mpaka Kasensero upande wa Uganda, akae kidogo, arudi kwa Mutukula na muhuri mpya. Wafanyabiashara wa dagaa wanaijua hiyo njia kama kiganja cha mkono. Lakini pasipoti ina kumbukumbu. Ameingia Tanzania tarehe 4 Februari na hana muhuri wa kutoka. Akirudi Mutukula, swali la kwanza ni alitokaje. Kosa moja la kuzidisha siku linakuwa mawili, na la pili ni la kuvuka mpaka kinyemela. Halafu kuna mtoto mchanga wa miezi minne kwenye boti usiku, ziwa lenyewe hili ambalo mimi nauzia watu maboya kwa sababu nalijua.

Wa pili ulitoka kwa kishoka mmoja wa stendi, dalali wa njia za mkato. Alisema ana mtu wake, pasipoti itagongwa bila mama kuondoka nyumbani. Nakiri nilimpa shilingi 150,000 za kuanzia, Jumapili ile ile jioni. Jumatatu asubuhi Mama Neema akaniambia, "Baba Neema, hiyo pasipoti haitoki humu ndani. Nikifungwa kwa kuzidisha siku nitasema ukweli. Nikifungwa kwa muhuri wa uongo nitasema nini?" Akaiweka kwenye kopo la biskuti, kopo akalifungia kwenye sanduku lake la nguo. Hela yangu haikurudi. Ila pasipoti yake ilibaki safi, na hilo ndilo lililotuokoa baadaye. Muhuri wa kughushi ni jinai kamili, na afisa yeyote anayeona mihuri kutwa nzima anautambua.

Wa tatu ndio unaosikika kwa upole zaidi: nyamazeni, nani atawauliza? Dada yangu alikuwa Sharjah na mume na watoto wawili, na walinyamaza hivyo hivyo baada ya mume kupoteza kazi. Kule faini ni dirhamu 50 kwa siku kwa kila mtu, siku zinapanda huku umelala. Bahati yao serikali ya Falme za Kiarabu ilitangaza msamaha kuanzia 1 Septemba 2024, ukaongezwa hadi 31 Desemba, faini zikafutwa kwa waliojitokeza. Nilipompigia simu usiku ule aliniambia kitu kimoja tu: kaka, nendeni wenyewe, msisubiri wawafuate. Hapa kwetu ukisubiri, siku ya msako au siku ya ukaguzi barabarani unakutwa ukiwa mtu aliyejificha. Ukienda mwenyewe, unaingia ofisini ukiwa mtu aliyekuja kueleza. Na wewe mwenyeji usijidanganye kwamba hili ni la mgeni peke yake, maana kumhifadhi mtu aliyepo nchini kinyume cha sheria nako ni kosa.

Karatasi kabla ya miguu

Kabla hatujaenda popote tulikaa na Mama Neema tukaandika ukurasa mmoja, kwa mkono, tarehe upande wa kushoto na tukio upande wa kulia. 4 Februari aliingia. Aprili kliniki walimwambia mimba inahitaji apumzike asisafiri. Julai akajifungua. Novemba 24 tukaona kosa. Ukurasa huo ulitusaidia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mtu akiwa na hofu mbele ya meza anachanganya tarehe, na tarehe zikigongana maelezo yote yanaonekana ya kutunga.

Kila mstari tukautafutia karatasi yake. Kwa mstari wa Aprili, kadi ya kliniki ya ujauzito yenye maandishi ya muuguzi. Kwa Julai, tangazo la kuzaliwa la Neema. Kwa upande wangu kitambulisho cha NIDA, leseni ya biashara, TIN na mkataba wa nyumba, kuonyesha kwamba hawa watu wana mtu wa kuwalisha na mahali pa kulala. Fotokopi mbili mbili za kila kitu, na picha za pasipoti saizi, maana ukikosa picha utarudi mjini juani na foleni itakuwa imekupita.

Kingine ni barua ya utambulisho ya mtaa. Sisi tuliangukia wiki ngumu. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Jumatano tarehe 27 Novemba, na mwenyekiti wetu alikuwa ameshaachia kiti kwa ajili ya uchaguzi huo. Wakati kama huo mtendaji wa mtaa yupo, yeye ni mwajiriwa. Nilimkuta Jumanne, katikati ya karatasi za kura, nikamweleza bila kuficha. Akaniuliza, "Huyu mama ndiye anayeuziwa maziwa na mama wa kona?" Nikasema ndiye. Akaandika barua pale pale: anamfahamu, anaishi kwangu, hana tatizo na majirani. Ndiyo maana nasema mgeni wako mtambulishe mtaani mapema, wakati huna shida.

Angalia pia pasipoti yenyewe inakwisha lini. Ikiwa imebakiza muda mfupi, anza kushughulikia mpya sambamba na haya mengine, kwa sababu kibali hakibandikwi kwenye pasipoti inayokufa.

Siku ya kwenda

Alhamisi tarehe 28 tulifika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa mapema, wote wanne. Siku 205 zilikuwa zimeshakuwa 209. Vaa vizuri, mbebe mtoto, beba maji na kitu cha kutafuna kwa yule mkubwa. Salimia kama unavyosalimia watu wazima wako: "Shikamoo afande." Halafu sema shida yako kwa sentensi moja. Mimi nilisema: "Afande, mke wangu na mtoto wamezidisha muda wa kukaa, tumekuja kujieleza na kurekebisha." Usianze na historia ya mapenzi yenu na usianze kulia. Waliokaa zile meza wanasikia hadithi siku nzima, na sentensi iliyonyooka inawarahisishia kujua wakupeleke dirisha gani.

Mama Neema alitakiwa kuandika maelezo yake mwenyewe. Kiswahili chake ni cha kuzungumza, kuandika kunampa shida, na afisa aliliona hilo akamruhusu aseme huku yeye akiandika, kisha akamsomea. Hapo kuna jambo la kushika: usisaini usichokielewa. Alipofika pahala palipoandikwa "alijua muda wake umekwisha", mke wangu alisimamisha, akasema, "Afande, sikujua. Ningejua ningekuja. Lakini kosa la kutosoma ni langu." Afisa akafuta, akaandika upya. Sentensi hiyo moja ilibadilisha jalada lote, kwa maana kuna tofauti kubwa kati ya aliyesahau na aliyekaidi.

Pasipoti walibaki nazo. Usiogope, ila usitoke bila karatasi inayosema zimebaki kwao, na ipige picha kwa simu. Tulirudi mara tatu ndani ya wiki mbili. Kila siku uliyopangiwa, fika. Kama mtoto ameugua, piga simu au nenda wewe peke yako ueleze, usipotee.

Kuhusu malipo, kiasi tulichotozwa sikiandiki, kwa sababu kila jalada linaamuliwa kwa mazingira yake na nisingependa mtu aende na hesabu yangu kichwani. Ninachosisitiza ni namna ya kulipa. Malipo halali ya serikali yanakuja na kontroli namba. Unalipa benki au kwa simu, jina la mlipwaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri, na risiti inabaki. Mtu akikwambia umpe mkononi, hata kama amevaa vizuri, hata kama ni elfu kumi ya chai, mwambie kwa adabu kwamba unaomba kontroli namba. Mimi niliyepoteza 150,000 kwa kishoka ninakuomba ulishike hilo.

Baada ya malipo wakatupa pasi maalumu, hati ya muda mfupi inayomruhusu mtu kubaki wakati anakamilisha taratibu zake. Wapo wanaopewa amri ya kuondoka nchini badala yake. Ikitokea kwako, soma tarehe iliyoandikwa na uiheshimu, tafuta wakili siku hiyo hiyo kama una hoja, na mkiondoka muondoke kwa mpaka rasmi, mgongewe muhuri wa kutoka. Aliyetoka kwa mlango ana nafasi ya kuomba kurudi.

Cheti cha ndoa, hapa ndipo tulipokwama

Kwao Masaka tulifanya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kutambulishwa ukweni, Desemba 2023, nikatoa mahari, wazee wakala, nikakabidhiwa mke. Mbele ya ukoo wote sisi ni mume na mke. Mbele ya meza ya Uhamiaji hatukuwa na karatasi hata moja. Kule Uganda ndoa ya kimila nayo husajiliwa gombolola, yaani ofisi yao ya mfano wa kata, lakini nani alikuwa na habari hiyo siku ile ya ngoma? Watu wengine huku hutegemea kwamba wameishi pamoja miaka miwili. Ni kweli Sheria ya Ndoa ya 1971 inazungumzia dhana ya ndoa kwa walioishi miaka miwili na zaidi wakaheshimika kama mume na mke. Ila hiyo ni dhana, mtu anaweza kuipinga, na haiji na cheti cha kuambatisha kwenye maombi.

Tukaenda bomani kwa Katibu Tawala wa Wilaya kufunga ndoa ya kiserikali. Sheria inataka notisi ya siku 21. Tuliiweka Jumatatu tarehe 2 Desemba, na mke wangu akatakiwa kuleta barua ya kwao kuthibitisha kwamba hana ndoa nyingine. Shemeji yangu alihangaika kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa la kule, na gombolola, barua ikaja na basi, nikaipokea stendi ya Nyegezi saa tano usiku nikiwa na bodaboda. Jumatatu tarehe 23 Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi, tukafunga ndoa kwa mara ya pili, mashahidi wakiwa jirani yangu wa dukani na mama wa maziwa.

Kama unaoa au kuolewa na mtu wa ng'ambo ya mpaka, chukua cheti kabla ya kuhamisha vyombo. Siku 21 si nyingi ukiwa huna haraka. Ukiwa na pasi inayohesabu siku, ni ndefu kama mwaka.

Januari 2025 tukaomba hati ya mtegemezi, hiyo ambayo wengi wanaiita dipendanti. Maombi yanaanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji, immigration.go.tz, unapakia nyaraka na kupata kontroli namba. Cheti cha ndoa, NIDA ya mwenyeji, barua yangu ya kumwombea, pasipoti. Piga skani safi, usipige picha ya karatasi juu ya godoro. Kwa kijana mkubwa tuliongeza cheti chake cha kuzaliwa cha Uganda na barua ya ridhaa ya baba yake mzazi. Nilimpigia mwenyewe yule bwana, mwanamume kwa mwanamume, nikamwambia mtoto anasoma na anakula, naomba saini yako asisumbuliwe. Akasaini. Usimzunguke mzazi mwenzako katika hili.

Kazi, jambo ambalo watu hulisahau

Hati ya mtegemezi inakuruhusu kuishi. Kufanya kazi ni habari nyingine: kunahitaji kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kwa Uhamiaji. Mama Neema ni msusi hodari, na wanawake wa mtaani walishaanza kuja na nywele zao na buku tano tano. Tulisimamisha. Na tangu Julai 2025 kuna amri ya Waziri mwenye dhamana ya biashara inayomzuia asiye raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo saluni, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na biashara ya rejareja. Faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali kinafutwa, na mzawa anayemsaidia naye anaguswa. Najua inauma kumwona mtu mwenye mikono amekaa. Lakini kuitoa familia kwenye kosa moja na kuitumbukiza kwenye jingine kungewaumiza watoto zaidi.

Uraia tunaufikiria polepole. Sheria ya Uraia inamruhusu mke wa Mtanzania kuomba, ila Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo atalazimika kuuacha wa Uganda, na mama yake mzazi bado yuko hai kule Masaka. Hilo ni lake kuamua, sitamharakisha.

Pasipoti zimerudi kwenye kopo lile la biskuti, na sasa kopo linakaa kabatini sebuleni, halifungiwi tena. Tarehe za mwisho nimeziandika kwenye kalenda ya dukani kwa kalamu nyekundu, ya mama na ya kijana kila mmoja mstari wake, na mwezi mmoja kabla ya kila tarehe nimeandika "ANZA". Wavuvi wanaokuja kununua nyavu huuliza ni deni la nani. Ninawaeleza, na wiki iliyopita mmoja wao, mke wake ni wa Homa Bay, aliondoka bila kununua kitu akisema anarudi kwanza nyumbani kuangalia muhuri.